Chaneli Tano, Sikio Moja

Malipo ya korosho, mkupuo wa pili, yaliingia Alhamisi.
Ijumaa, baada ya swala, Somoe kanishika mkono
mpaka Chikongola, dukani kwa Chinguile,
akasema, "Leo tunanunua sauti."

Sauti! Kana kwamba ni kitenge,
kana kwamba utaambiwa: pima, kata, funga.

Rafu ya juu zimekaa risiva mpya, nyeusi, zinang'aa,
wati elfu moja na mia mbili kwa maandishi ya dhahabu.
"Hizo wati za kwenye boksi," kasema Chinguile,
ambaye ni fundi kwanza, mchuuzi baadaye.
"Inua. Risiva ni kama nazi,
ikiwa nyepesi, usiipasue."
Nikainua. Nyepesi kama bofulo.

Ya chini ni mtumba wa Japani, ina mkwaruzo begani,
nyuma kibandiko: volti mia moja.
Ukiichomeka ukutani hivi hivi
utafukiza nyumba bila ubani.
Inataka transfoma, elfu thelathini na tano,
na picha haipitii kwake, yeye ni sauti tu.
Nikainua. Nikaguna.
Laki moja na themanini; ile mpya, tano na nusu.
Somoe alikuwa anahesabu kwa vidole vya miguu
ndani ya kandambili, namjua:
ada ya Esha, salfa ya msimu ujao, bati mbili za jikoni.

"Inabeba ohmu ngapi?" nikauliza, nionekane najua.
"Nane. Ukiitwisha spika za nne
itatoka jasho, halafu itazima."

Hilo nililielewa.
Miaka kumi na tisa nimesimama kiwandani,
mashine ya kubangulia ikiwa kushoto kwangu,
ikipiga kelele mpaka sikio lile likachoka,
likafunga duka bila kuaga.
Sikumwambia mtu. Nilijifunza tu kukaa pembeni mwa meza.

Chinguile kapanga spika tano juu ya ndoo za rangi,
sabufa chini ya kaunta, paka akahama.
Kaweka filamu ya vita. "Sikilizeni helikopta inavyotuzunguka."

Kwangu ilitoka kulia.
Ikaenda kulia.
Ikafifia, ikanenepa, ikarudi palepale, kulia.
Wateja wanageuza shingo pamoja
kama kuku waliomwona mwewe,
nami nageuka wa mwisho, nikifuata shingo zao.
Kulia tu. Kulia tu.
Neno hili lina maana nyingine,
nikainama nikajifanya nasoma kibandiko.

Somoe hakuniangalia. Kamuuliza fundi:
"Hii kuukuu, kila spika ina sauti yake ya kupandisha?"
"Kila moja, mama."
"Na inaweza kuzikusanya zote tano ziwe moja?"
Chinguile kacheka. "Watu wanakuja hapa kutafuta tano,
wewe unatafuta moja?"
"Natafuta tano zangu," kasema, "na moja yake."

Ndipo nikakumbuka: tangu harusi
mwanamke huyu hutembea kulia kwangu.
Nilidhani ni mazoea ya kwao Kitangari.

Tukatoa laki moja na sitini na tano,
transfoma ndani, waya mita ishirini juu ya mkono wa Chinguile.
Boda akafunga mzigo kwa mpira, akalalamika uzito.
Nikafurahi kumsikia akilalamika.

Spika za nyuma bado zimekaa sakafuni,
moja imebeba jagi la maji.
Transfoma inanguruma chini ya kochi, Somoe anasema inamkera;
iko kushoto, mimi sijui.
Usiku, Esha akilala, anaweka ile ya vita.
Kitu kikipita upande ule
hunifinya goti la kushoto.
Hajachelewa hata mara moja.