Chini ya Moja

Uliileta, Nabirye, imefungwa kwenye gomesi lililochujuka,
kilo kumi na nne za chuma na glasi,
ukaitua juu ya benchi langu hapa Walukuba
ukasema: imepungukiwa na sauti.
Basi. Kama anayempeleka mgonjwa zahanati
na kukataa kusema alikula nini.

Nikaanza kwa kukata waya wa marejesho,
ule unaotoka mwisho kwenda kuusahihisha mwanzo;
ukiuacha, kila kosa hupakwa poda
kabla fundi hajaliona.
Spika nikaitoa. Mahali pake rezista ya ohmu nane,
kipande cha kauri kisichojua wimbo,
kila unachokipa hukigeuza joto.
Simu ya mwanangu ikatoa mlio mmoja,
mizunguko mia nne kwa sekunde,
mlio usio wa harusi wala wa matanga.

Hiyo ilikuwa saa moja usiku. Ukutani, volti mia moja tisini na tatu.
Tusemeje? Bwawa liko pale, Nile inasagwa usiku na mchana,
na sisi tunaolala mlangoni mwa kinu
tunakula pumba.
Nikangoja. Saa tano, watu walipozima pasi na majiko,
sindano ikapanda hadi mia mbili thelathini na nane,
na vali zikashika rangi ya papai lililoiva.

Vali za mwisho ni mbili.
Oketcho wa reli, aliyenifundisha kazi kwa kunichapa vidole,
aliziita Waiswa na Tenywa:
huyu akivuta, yule anaachia,
hawalii pamoja, hawanyamazi pamoja,
na transfoma ndiye mama anayejumlisha vilio vyao.
Nilipokuambia hayo ulicheka, wewe mama wa mapacha hasa,
ukasema daima mmoja hujificha nyuma ya mwenzake.
Sikujua kwamba umeshanipa jibu.

Gridi kwa gridi: volti ishirini.
Kwenye ohmu nane: nne.
Gawanya. Nukta mbili.

Hata ikiwa nzima haifiki moja, na hapo ndipo wanagenzi hubishana nami:
kikuza sauti gani hiki, ambacho hatua yake ya mwisho haikuzi?
Nawaambia, za gridi ni volti za maneno,
amri ya mtu aliyeketi, haibebi hata unyoya.
Zinazotoka ni chache, lakini zina mabega.
Zinasukuma karatasi ya spika, karatasi inasukuma hewa,
na mtu wa ng'ambo ya barabara anageuza shingo.

Lakini nukta mbili ni umaskini.
Nikashuka kwenye kathodi, mmoja mmoja.
Waiswa: miliampea sitini na moja.
Tenywa: tisa.
Na Tenywa ndiye anayewaka zaidi!
Ungezima taa ya chumba ungeapa
yeye ndiye anayelisha nyumba.

Vali mpya sina. Kampala wanauza kwa jozi tu,
hawakubali kutenganisha,
na bei yake sitaki kukutajia kabla hujanywa chai.

Nikachukua penseli niandike ndani ya kifuniko, kama desturi yangu:
tarehe, volti za ukuta, 0.20.
Kumbe pameshaandikwa.
Wino wa buluu, tarakimu zimelala upande
kama za mtu aliyeandika amepiga magoti:
ohmu 8, gridi 20, 0.36.
Chini yake, Isabirye.

Hukuniambia kwamba alikuwa akipima.
Alitia sahihi kwa jina la baba wa mapacha,
kwa hiyo watoto walikuwa wameshazaliwa,
labda wamelala chumba cha pili,
naye amepunguza ule mlio hadi karibu na kimya,
anasoma sindano kwa tochi.

Namba yangu nimeiandika chini ya yake, kwa herufi ndogo.
Penseli hufutika.
Njoo Alhamisi, uje na chupa ya chai.