Kitambaa Hakirudi Jora

Mama mkwe ametuma nauli.
Elfu sitini, na ya kutolea juu yake,
kwa simu ya jirani, maana yake imepasuka kioo.
Ujumbe mfupi: Mlete Wegesa. Mwaka huu ni wa saro.

Niko Kivule, kibarazani, nashona sare.
Desemba ndio mavuno yetu mafundi:
sketi za bluu kumi na nane, mashati bado,
na umeme unakatika saa ileile ya kupiga pasi.
Wegesa ana miaka kumi na miwili.
Ananishikia futi kamba upande wa pili,
anasoma namba kwa sauti, anakosea makusudi
ili nicheke.

Mama, nikwambie kitu cha kazi yangu.
Kabla ya kukata napima, napima tena,
nachora kwa chaki, namwita mwenye nguo.
Namuuliza: hapa? Anasema: hapo.

Siku yangu hakuna aliyeniuliza.
Alfajiri ya baridi, shuka begani,
wembe mmoja, wasichana saba.
Wa nne nilikuwa mimi.
Mkasema nisipepese jicho. Sikupepesa.
Mkapiga vigelegele, mkanivisha khanga mpya,
na sikufichi, ile khanga niliipenda.
Kile mlichokata mlikifukia
bila hata kunitajia jina lake.

Jina nililijua Amana, wodi ya wazazi,
usiku wa pili wa uchungu.
Muuguzi, mama wa Songea mwenye viganja vipana,
aliinua shuka akanyamaza.
Nawajua mafundi wanaonyamaza hivyo
mbele ya nguo iliyoharibiwa na mwingine.
"Ngozi huvutika," akasema. "Kovu halivutiki."
Likachanika.
Chupa mbili za damu ya watu nisiowajua
ziliingia mkononi mwangu,
labda ya Mzaramo, labda ya Mpemba,
wala haikuuliza kwanza
kama mimi ni msagane au mwanamke.

Mkojo ukichoma, mlisema ni ubaridi.
Mke asiyependa usiku, mlisema ana adabu.
Miaka kumi na minne mimi na Ryoba tumelala
kama watu wanaosubiri gari kituo kimoja,
kila mtu na njia yake.

Jana nilimwambia yote.
Umeme ulikuwa umekatika, sikuuona uso wake.
Nikasikia kiti. Nikasikia mlango.
Nikahesabu sketi gizani kwa vidole, nikapotea, nikaanza upya.
Akarudi na namba za luku,
akazibonyeza zote ishirini bila haraka.
Taa ikawaka. Akasema, "Huyu haendi."
Halafu akasema, "Mama atanilaani."
Yote mawili kwa sauti ileile.

Basi nauli yako nimeirudisha, mama,
kamili, na ya kutolea.
Namba ya dawati la jinsia, Stakishari,
nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango,
kwa sababu namjua shangazi wa Kitunda
na kile chumba chake chenye redio kubwa,
na mjini pia kuna nyembe.

Usidhani nimekataa kwetu.
Mwakani tutakuja. Wegesa atakusongea ugali wa mtama,
na akitaka kucheza atacheza,
na kama mna khanga ya kumpa, mpeni,
ana miguu ya kuchezea, ana bega la kuvalia,
kwani lazima kwanza atoke damu?
Mimi nimekata vitambaa tangu nikiwa binti.
Nikikosea, nanunua kingine Kariakoo.
Mtoto hauzwi kwa mita.

Simu inaita tena. Ni namba ya jirani yako.
Wegesa anauliza, "Nipokee?"
Nina pini mdomoni.
Namwashiria asubiri,
nazitoa moja moja, naziweka kiganjani.