Majina Arobaini na Moja

Aulis alistaafu Ijumaa, akaniachia faili
na kikombe chenye ufa.
Juu kabisa, kabla ya tendo lolote,
majina arobaini na moja yamejipanga
kama viatu mlangoni pa nyumba ya msiba:
jumla, barabara, muda, jumla ya pili,
na kimoja kinaitwa kitu, basi.

Oulu, Januari. Saa tisa alasiri, giza tayari.
Programu yetu huyapangia njia magari ya theluji,
na huu usiku wa tatu gari la Hilkka
linakwangua mtaa mmoja mara nne,
mtaa wa pili watu wamezama hadi magotini.

Nikaishika jumla, nikaifuata.
Imezaliwa mstari wa tatu,
inahesabu mstari wa mia tisa na kumi,
na njiani kila apitaye ameionja
kama mchuzi wa jirani.
Hakuna aliyeirudisha sifuri.
Mtaa wa kwanza ulikopa, wa pili ukalipa.

Nikaanza kuyashusha.
Hili ndani ya kitanzi, lizaliwe na life kila mzunguko.
Hili ndani ya mabano, lisisikike sebuleni.
Hili halibadiliki: nikalipiga fundo.
Kitu nilikitafutia kazi, sikuiona.
Nikakifuta.

Nikampigia Aulis, nusu kwa hasira.
Alikuwa anapasua kuni za sauna.
“Zama zetu,” akasema, “hata ungelificha jina uvunguni,
mashine ililipandisha juu ya fanksheni kimyakimya,
tupu, halina thamani.
Mimi niliandika tu kile ambacho ingefanya.”
Sikuwa na jibu. Nilisikia shoka likitua.

Fanksheni zake, lakini, sikuzigusa.
Amezilaza chini kabisa, juu anaziita tu:
soma theluji, panga magari, amsha madereva.
Ukifungua unapokewa na habari;
ufundi uko chini, ukiutaka.
Zinaitwa kabla hazijaandikwa
na zinaitika.

Jina moja nimeliacha juu, peke yake: baridi.
Kila chumba kinaisoma.
Hakuna chenye ruhusa ya kuibadilisha.

Saa nane usiku Hilkka ameandika:
“Mara moja tu, kila mtaa. Nani kagusa nini?”
Nikamimina kahawa katika kikombe cha Aulis,
nikatafuta pa kukiweka,
mbali na kibodi.