Gramu Kumi

Feni ya zahanati ya Tixkokob
huzunguka kama mtu anayetafuta miwani yake.
Bi Eligia Canché alivua viatu,
vile vyeupe vya kuchezea harana,
kisigino kimelika upande mmoja.
Umri sitini na saba. Kisukari, mwaka wa kumi na nne.
"Miguu yangu haina neno, Wilberth.
Haiumi hata chembe."
Nami hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa.

Nikatoa uzi.
Akacheka. Uzi! Kwake yeye
aliyeanza kusuka machela kabla hajang'oka meno ya utoto,
anayeijua nailoni mbovu kwa kuigusisha mdomoni.
"Huo mfupi, hautamlaza hata panya."
Nikamwambia, fumba macho.
Nikikugusa, sema ndiyo.

Uzi huu una kazi moja tu:
unausimamisha juu ya ngozi, unausukuma,
ukipinda basi, ni gramu kumi, usiongeze.

Kidole gumba. Ndiyo.
Chini ya kidole cha kwanza. Ndiyo.
Cha tatu. Ndiyo.
Cha tano. Ndiyo.
Sauti ikitua pale pale inapotakiwa,
kama kisigino juu ya mbao za jukwaa,
na hapo nikakumbuka ni nani niliyemshika mguu:
miaka thelathini alicheza na sinia kichwani,
bilauri nne za maji juu yake,
asimwage tone.

Hahisi huyu.
Anahesabu.

Nikauacha uzi hewani.
"Ndiyo," akasema.
Feni ikazunguka.
"Ndiyo," tena, safari hii kwa sauti ya kuuliza,
kisha akafumbua macho
akauona uzi uko kwenye goti langu.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.
Dole lake lilikuwa limesahau kujikwaa,
ulimi ukalishikia zamu.

Hatukusema kitu kwa muda.
Sote wawili tulijua tunamfikiria Ubaldo,
mumewe, aliyetolewa nyumba ile ndani ya machela
iliyosukwa na mkewe, ya bluu na njano,
kwa kuwa barabara ilijaa maji na gari halikupita.
Lilianza lengelenge la kiatu, dogo kama punje ya hindi.
Likawa donda ndugu.
Aliporudi, kila machela aliyolalia
ilielemea upande.

Sikumhubiria.
Nilichukua kiatu cha kushoto, nikakikung'uta.
Sarafu ikaanguka, ikajiviringisha
mpaka chini ya mizani ya watoto.
Peso kumi.

"Maria Mtakatifu! Naitafuta tangu Jumapili.
Nimemwita mjukuu wangu mwizi."

Jumapili. Leo Alhamisi.
Na Jumanne alikuwa amecheza.

Nikaugeuza wayo kuuelekeza dirishani.
Chini ya kidole cha kwanza palikuwa na duara jekundu,
safi kama muhuri wa posta,
mabawa ya tai ukiyatafuta utayaona.
Ngozi ilikuwa nyembamba pale, inang'aa.
Lakini nzima.
Nilipitisha kidole mara tatu kuhakikisha. Nzima.

Nikaandika kwenye kadi:
ganzi, sehemu saba katika kumi.
Mapigo ya damu yapo, miguu yote.
Arudi baada ya miezi mitatu, asisubiri maumivu,
hayatakuja kumwita.
Kioo sakafuni kila usiku.
Mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu, kila asubuhi.

"Na Januari nitacheza?"
"Tutatazama."
"Sikukuuliza utatazama nini."

Akanyoosha mkono, akautaka uzi.
Akausimamisha shavuni mwake,
akausukuma taratibu mpaka ukapinda.
Akakaa nao hivyo.
"Ni kidogo sana," akasema. "Ni kama nzi."

Sarafu akaifunga kwenye pindo la leso,
ya kwenda kumwomba mtoto radhi.
Kisha akachukua kiatu cha kulia,
akaingiza mkono mpaka kwenye ncha,
akapapasa.
Hakukuwa na kitu.
Akautoa, akauangalia,
akauingiza tena.