Kisanduku Kimoja Tu

Karani akaisukuma fomu juu ya meza:
"Weka alama ya vema, mama. Kisanduku kimoja tu."
Kimoja kimeandikwa Ujauzito.
Cha chini yake, Ulemavu.
Kalamu ya kuazima ikasimama hewani
kama kuku aliyesikia kivuli cha mwewe.

Nimchague nani, Karani,
mtoto au mguu?

Mguu ulitangulia. Nilizaliwa nao Kitangari,
wa kushoto, umepungua vidole vinne.
Bibi aliupima kwa upindo wa kanga, akasema:
"Utafika, ila utachelewa."
Nikafika. Miaka sita nimekaa kwenye mashine ya kubangulia,
mkono unashika korosho, mguu unakanyaga pedali,
na pedali ilikuwa mbali nami vidole vinne
mpaka Esha Mnalele alipokuja na nyundo
akaipigilia kibao cha kreti ya soda.
Tangu hapo hakuna aliyeuona mguu wangu.
Waliziona kilo.

Kisha tumbo.
Mwezi wa tano likakataa kujificha nyuma ya aproni.
Nikaomba kiti chenye mgongo.
Kiti tu, jamani. Sikuomba kiwanda.

Bwana Msimamizi akacheka kwa upole,
upole ule ule wa kisu kikiingia kwenye ganda:
"Somoe, mguu tuliuvumilia. Sasa na hili?"

Umesikia, Karani? Na hili.
Yeye amejumlisha kwa kinywa chake,
mimi ndiye wa kutoa?

Barua ikaja Ijumaa, mistari mitatu. Kushuka kwa tija.
Tija. Nililitafuna neno hilo
kutoka langoni hadi Ligula,
nikapanda nalo kwenye mzani wa kliniki,
nesi akashangaa nimeongezeka.

Lakini nina daftari.
La hesabu, la mwanangu Nandonde, kurasa alizoziacha.
Kila jioni niliandika, hata siku za homa:
Machi, kilo sita na robo.
Agosti, tumbo likigusa meza, sita na nusu.
Siku niliyoomba kiti, saba kasoro kidogo.
Pembeni pa kila ukurasa kidole gumba changu,
kimeungua kwa mafuta ya ganda,
kimejigonga chenyewe kama muhuri.

Karani akafunua. Akafunua tena.
Akatazama kalenda ukutani.
"Siku thelathini zilikwisha juzi."

Juzi nilikuwa wodini.
Damu ilitaka kuondoka na mtu wangu,
wakaniinulia miguu juu ya mito miwili,
mfupi na mrefu,
na kwa mara ya kwanza maishani ikalingana.

"Basi kuna fomu nyingine,
ya kueleza kwa nini umechelewa."

Nikacheka mpaka mtoto akapiga teke.
Bibi, umesikia?

Nikaiweka vema yangu juu ya mstari,
ule mwembamba unaogawa visanduku.
Karani hakusema kitu. Akagonga muhuri wa kupokea,
akanionyesha korido: ngoja hapo.

Esha alikuwepo, ameacha kilo zake za siku,
ana ming'oko ndani ya mfuko wa rambo, bado ya moto.
Tukamenya. Tukangoja.
Saa nne. Saa sita.
Benchi la pale nalo halina mgongo.
Esha akageuka bila kuulizwa,
akanipa wake.