Usiuzibe Bado

Profesa Ludmiła Pyrek hakupenda kuitwa mama wa chuma.
"Chuma nakijua," alisema. "Huchoka."
Akatoa mkobani kipande cha ekseli iliyokatika,
ya behewa la makaa lililopinduka nje ya Gliwice
katika theluji ya mwaka ambao mimi sijazaliwa,
akakiweka mezani, kati ya vikombe vyetu vya chai,
kama mtu awekavyo mkate.

"Someni."

Tukainama. Palipovunjika palikuwa na mistari,
duara ndani ya duara, maji yaliyotupiwa kijiwe
yakaganda yangali yakitanuka.
Na pembeni, kitovuni mwa maduara yote,
alama isiyozidi ukucha wa mtoto mchanga:
patasi ilimteleza fundi, basi.
Safari milioni. Mzigo uleule.
Hakuna hata siku moja ulipozidi kipimo,
ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Yeye aliingia kitivoni mwaka wa sabini na mbili:
wanaume mia na kumi na wanane, yeye, na karani.
Choo cha wanawake kilikuwa jengo la pili, ng'ambo ya ua,
na tanuri lake halikuwa la kuachwa peke yake.
Akahesabu. Hatua mia tatu arobaini, kwenda na kurudi,
mara nne kwa siku, barafu au jua.
Akachora grafu, akaipa kichwa cha habari,
*Mzigo wa Kujirudia*,
akaipeleka kwa mkuu wa kitivo.
Mkuu akacheka. Akaibandika ukutani, wengine nao wacheke.
Naye akaiacha palepale,
na kila Januari akapita na kalamu, akaongeza nukta.

Ripoti ya mabomba ya mvuke, kazi ya miaka sita,
ilimtaja ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani,
baada ya fundi umeme,
kabla ya kiwanda cha karatasi.

Nilimwona kwenye kamati ya ajira, nikiandika kumbukumbu.
Dosenti Zbroja alifunga faili, akasema kwa upole:
tumetafuta, hatukupata mwanamke aliyefaa.
Profesa akafungua mkoba,
akasukuma kioo chake cha kukuzia hadi upande wa pili wa meza.
"Mlitafuta na nini?"
Saa ya ukutani ikasikika.
Sikujua niandikeje kimya kile. Niliandika: *Majadiliano yaliendelea.*
Na kweli yaliendelea, miaka kumi na mmoja.

Wapo wasemao ufa uzibwe mapema,
usije ukagharimu ukuta.
Yeye alisema: usiuzibe bado.
Ukiuziba hujausoma, umeupaka rangi tu,
na behewa litapita juu yake likiwa limejaa.

Lakini kuna jina ambalo hakulitamka bila kushika meza:
Jagna Sobik, mwanafunzi wake bora, mikono mitulivu kuliko ya daktari wa macho.
Hakulalamika. Hakuchelewa. Hakuomba kitu.
Jumatatu moja hakuja.
Anauza mapazia Zabrze, wanasema, na anauza vizuri.
"Miaka minne alikaa mbele yangu," profesa aliniambia,
"mimi, niliyesoma vyuma vya reli nzima.
Sikumsoma."
Tangu siku hiyo, kila Ijumaa alizunguka maabara
akimuuliza kila msichana swali moja, polepole:
wiki hii umebeba nini ambacho hakimo kwenye daftari?
Tulizoea kujibu, hakuna.
Alisubiri. Chai ilipoa. Tukajibu.

Siku ya kustaafu walimpa ua la chuma cha pua,
petali tano, zinang'aa, hotuba tatu.
Nje tramu ilipiga kona ikilia.
Walingoja alie.
Akaligeuza juu chini, akavaa miwani,
akapitisha kidole chini ya petali ya nne.

"Hapa," akasema. "Mmeunganisha kwa haraka."