Joho la Kukodi

Fomu iliuliza: elimu ya mzazi.
Kisanduku chenyewe kidogo, hakingetosha
hata jina la shule aliyoiacha baba
akachunge ng'ombe wa watu.
Nikachora kistari, nikaendelea.

Wa kwanza ukoo mzima. Tangu hapo
kila karatasi ya Kibosho ilinijia mimi.
Mjomba Sabas alileta picha ya mapafu kutoka KCMC,
akaiinua dirishani: "Isome. Si uko chuo?"
Nasoma uhasibu, mjomba.
"Basi hesabu mbavu."

Nikahesabu.

Kaka Priscus peke yake hakuwahi kuniletea kitu.
Aliishia kidato cha pili, mwaka ule ada ilipotosha mmoja
na hakuna aliyeitisha kikao.
Asubuhi tu nilikuta viatu vyake vya shule
chini ya kitanda changu, vimepigwa kiwi,
vimejazwa magazeti puani ili vinitoshe.

Jumamosi nimehitimu. Machalari, mbege, picha zisizoisha,
mama akininyoosha kola kama nina miaka sita.
Joho ni la kukodi. Lirudi Jumatatu.
Doa lina faini.

Usiku nikaamshwa na panga, ko, ko, upande wa zizini.
Simu inamulika, imening'inizwa msumarini,
na Priscus yumo ndani ya joho langu,
kofia imelala upande,
anamkatia ng'ombe mgomba.
Kila akikata anakunja kwanza mkono wa joho, taratibu,
kama padri anayetaka kunawa.
Ng'ombe ameacha kutafuna, anamtazama
kama anayesubiri hotuba.

Nilirudi kitandani
nikakoroma kwa sauti, asije akajua.

Jumatatu, pale dirishani, yule dada akalikunjua.
"Na hii nini?"
Utomvu wa mgomba. Mtu wa mlimani haulizi hilo:
hautoki kwa sabuni, hautoki kwa ndimu,
nguo itachakaa, doa libaki.
"Elfu ishirini."
Nikatoa. Sikumbuki kulipa deni kwa raha namna ile.

Akavuta kitabu cha risiti,
akaweka karatasi ya kaboni, akauliza:
"Niandike jina gani?"

Nikamtajia la kaka, herufi moja moja,
nikahakikisha kalamu inakandamiza.
Nimesomea haya mambo miaka mitatu:
ya juu unaondoka nayo,
nakala inabaki chuoni.